Mabaka bado yana wenyewe: mwaka wangu na kilti ya kijeshi Glasgow

Mei 2023 mwenzangu wa kazini, tuliyekuwa tukipangwa naye zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Glasgow, alinialika harusini kwake Stirling. Kadi ilisema wanaume wavae kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti. Nilikuwa nimemaliza miaka mitatu Uskoti na sikuwahi kuivaa hata siku moja. Nikauliza bei ya kukodi: kilti, koti, kizibao, soksi, viatu na ule mkoba wa ngozi unaoning'inia mbele, sporani, vyote kwa siku moja karibu pauni 90. Kwa mtu anayetuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi, pauni 90 za nguo ya kurudisha kesho yake zinauma.

Nikaingia mtandaoni nikakuta kilti ya pamba nzito kwa pauni 42. Ilikuwa ya mabaka ya kijeshi: kijani, kahawia, nyeusi na rangi ya mchanga. Ilikuwa na mifuko miwili mikubwa mapajani na vifungo vya kubana. Nikaiona ngumu, ya kiume, na itavalika hata harusi ikishapita. Nikalipa.

Lakini kuna jambo nililokuwa nalijua wakati nalipa, na ndilo linalonifanya niandike. Baba yangu ni mwanajeshi mstaafu wa JWTZ, jeshi la Tanzania. Alikwenda vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, mwaka 1978 akiwa na miaka 22. Nyumbani kwetu Morogoro hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuvaa kitu cha mabaka. Nikiwa na miaka tisa mjomba alituletea kaptula za mitumba, mbili zikiwa za mabaka. Baba alizikunja vizuri, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akamrudishia mjomba bila kusema neno. Kwa hiyo kifurushi kilipofika na baba akapiga simu ya video jioni ile ile, niliigeuza kamera ielekee ukutani. Moyo wangu ulishajibu swali kabla halijaulizwa.

Niseme kwanza makosa ya mavazi, maana hayo ni mepesi na yanaweza kukuokolea pesa. Nilitoa kipimo cha kiuno cha suruali ya jinzi, 34. Kilti inakaa juu zaidi, usawa wa kitovu, na mimi pale napima 37. Nililazimika kuhamisha vifungo kwa sindano usiku wa kuamkia harusi. Ipime kwa utepe wa fundi juu ya kitovu, ukiwa umesimama wima na hujabana tumbo. Pindo la chini liishie katikati ya goti. Marinda yanakaa nyuma, sehemu bapa mbele, na ukingo ulio wazi unakuwa upande wako wa kulia. Ile pini kubwa ya chini inapita kwenye tabaka la juu peke yake. Mimi niliipitisha kwenye matabaka yote mawili, na nilipokaa kanisani nikasikia kitambaa kinachanika.

Harusi ilikuwa nzuri. Wanaume wote, vijana kwa wazee, walikuwa wamevaa tartani za sufu, kile kitambaa cha miraba ambacho koo za Kiskoti huwa na chao, rangi za bluu, nyekundu, kijani. Mabaka yalikuwa yangu peke yangu. Hakuna aliyenikosea adabu. Baba mzazi wa bwana harusi alinipa mkono, akaitazama kilti yangu, akasema kwa upole, "Hiyo ni nzuri kwa mlimani." Nikamshukuru. Ilinichukua miezi mitano kuelewa kwamba alikuwa amenipa ushauri.

Julai nikaipeleka mlimani kweli. Tulitembea kipande cha kwanza cha West Highland Way, njia ya miguu ya kilomita 154 inayotoka Milngavie mpaka Fort William. Sisi tuliishia Drymen. Mvua ilitukuta njiani, na hapo nikajifunza tofauti ya pamba na sufu. Pamba ikilowa inakuwa nzito kama blanketi lililotoka mtoni, na pindo lake linakukwaruza nyuma ya magoti mpaka ngozi inachubuka. Wenzangu wenye kilti za sufu walilowa pia, lakini hawakutetemeka kama mimi. Ukitaka kilti ya kutembelea, nunua sufu hata iliyotumika, au vaa suruali.

Siku yenyewe ninayotaka kuieleza ni Jumapili tarehe 12 Novemba 2023.

Nilitoka zamu ya usiku asubuhi, nikarudi chumbani nikaoga, nikataka kwenda mjini kununua zawadi za nyumbani kwa sababu nilikuwa na tiketi ya Desemba. Baridi ilikuwa kavu. Nikavaa kilti ile na buti nyeusi, soksi nene za kijani, sweta la kijani kibichi. Sikuwaza kitu. Treni ilikuwa na watu wengi waliobandika vifuani ua jekundu la karatasi, lile la kuwakumbuka waliokufa vitani. Nilikuwa nimeyaona maua yale kazini wiki nzima, hata wazee wetu tuliwabandika. Lakini sikuunganisha mambo kwamba leo ndiyo Jumapili ya Kumbukumbu, na kwamba George Square, pale nitakaposhukia, ndipo ulipo mnara wa mashujaa wa jiji.

Nilikuta uwanja umejaa. Kulikuwa na wapiga zumari, vikosi, wazee wenye nishani, familia zenye mashada ya maua. Saa tano kamili kila kitu kikanyamaza dakika mbili. Nikasimama nilipokuwa, mikono ubavuni, kama nilivyofundishwa na baba kusimama tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Nadhani kusimama kule ndiko kulikoongeza mkanganyiko.

Watu walipoanza kutawanyika, mzee mmoja alinijia. Alivaa bereti na koti jeusi, nishani tatu kifuani, na kila akipiga hatua zilikuwa zinagongana kwa sauti ndogo kama ya vijiko. Umri wake ulikuwa kama wa baba. Akaniuliza, "Ulikuwa kikosi gani, mwanangu?"

Kuna sekunde moja hapo ambayo ningeipata tena ningelipa zaidi ya pauni 42. Jibu lilikuwa fupi: sikuwahi kuwa jeshini. Badala yake nikasema, "Tanzania, mzee," kwa sauti ya chini, na nikaliacha neno hilo lifanye kazi ambayo nilijua litaifanya.

Akanishika mkono na hakuuachia. Kisha akainama kidogo, akaushika ukingo wa kilti yangu kwa kidole gumba na cha shahada, akausugua taratibu kama fundi cherehani anavyopima kitambaa dukani. Akasema, "Hii ndiyo tuliyovaa Falkland." Akanieleza kuhusu vita vile vya Uingereza na Argentina, usiku wa mlima Tumbledown, Juni 1982, theluji na upepo, na rafiki yake waliyekula naye jioni na ambaye asubuhi hakuwepo. Hakutoa machozi. Alikuwa anakiangalia kitambaa, haniangalii mimi. Alipomaliza akanipigia saluti, na mimi, Mungu anisamehe, nikairudisha.

Zawadi sikununua. Nilirudi chumbani nikaivua kilti nikaiweka chini ya kitanda.

Kwa wiki nzima nilikuwa najitetea. Sikusema uongo, Tanzania ndiko nitokako. Hakuna sheria niliyovunja. Hilo la sheria ni kweli: Uingereza ina sheria ya mwaka 1894 inayomkataza raia kuvaa sare halisi ya jeshi bila ruhusa, lakini kitambaa cha mabaka kinauzwa madukani na hata watoto wanakivaa. Ndiyo maana nasema usitafute jibu la jambo hili kwenye sheria peke yake. Mkono wa yule mzee nilikuwa bado nausikia.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa fundi wa kilti, mama mmoja mtu mzima mwenye karakana ndogo juu ya duka la viatu. Nilienda nikitaka kujua bei ya kilti ya kawaida, nikajikuta namsimulia yote. Alinisikiliza huku anahesabu marinda kwa pini. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea: kilti yenyewe, hata bila mabaka, ilibaki hai kwa sababu ya jeshi.

Baada ya Waskoti wa nyanda za juu waliokuwa upande wa ukoo wa kifalme wa Stuart kushindwa kwenye mapigano ya Culloden mwaka 1746, serikali ya London ilipiga marufuku wanaume kuvaa mavazi yao ya asili. Marufuku hiyo ilidumu mpaka 1782. Waliosamehewa ni askari wa vikosi vya mfalme. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 30 Mskoti wa nyanda za juu aliyetaka kuvaa kilti bila kukamatwa alikuwa na njia moja kubwa, kujiandikisha jeshini. Kikosi cha Black Watch, kilichofanywa rejimenti mwaka 1739, kilivaa tartani ya kijani kizito, bluu na nyeusi. Fundi alinivutia robota la kitambaa hicho hicho kutoka rafuni. "Hiki," akasema, "ndicho ninachowapa wageni wasio na ukoo wa Kiskoti."

Hata kukunja marinda kuna namna ya kijeshi. Kwenye kilti nyingi za kiraia marinda hukunjwa ili mraba wa tartani uonekane kamili nyuma kama haukukatwa. Jeshini hukunjwa kufuata mstari mmoja, kila rinda na mstari ule ule, askari wakitembea nyuma panaonekana kama uzio. Kilti moja nzuri ya sufu inakula yadi nane za kitambaa, zaidi ya mita saba. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari walizivaa mahandakini, juu yake wakafunga aproni ya kaki ili rangi zisiwauze kwa adui. Matope yakiganda kwenye pindo yalichana miguu, na chawa walijificha ndani ya marinda. Mwaka 1940 kule Ufaransa, Cameron Highlanders, kikosi kingine cha Waskoti, ndio waliokuwa wa mwisho kwenda nazo vitani.

Na mabaka nayo yana mkono wa Glasgow. John Graham Kerr, profesa wa zoolojia wa chuo kikuu cha hapa, alimwandikia Churchill, waziri wa jeshi la majini la Uingereza wakati ule, mwaka 1914 akipendekeza meli za kivita zipakwe rangi za kukatiza umbo, kwa mfano wa wanyama kama twiga na pundamilia. Niliposikia hivyo nilikaa kimya. Nimekulia jirani na hifadhi ya wanyama ya Mikumi, nimewaona twiga wakiyeyuka kwenye miti mbele ya macho yangu nikiwa ndani ya basi.

Nikamuuliza fundi: kama Black Watch nayo ni nguo ya jeshi, kwa nini niivae hiyo harusini na nisiulizwe kikosi? Akaacha pini zake. Akasema, "Kwa sababu waliotangulia kuivaa wamekufa zamani. Wa hayo mabaka yako wanapanda basi moja na wewe."

Hapo ndipo lilipo shina la jambo zima. Tartani ile ilikuwa sare, miaka ikapita, ikawa ya kila mtu. Mabaka yale bado yana wenyewe. Wapo sokoni, wapo kwenye nyumba ya wazee ninayofanyia kazi, na mmoja yupo Morogoro.

Nikampigia baba. Nilimweleza yote, kuanzia kamera niliyoigeuza ukutani. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza swali moja, "Ulimwambia kweli yule mzee?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi una deni." Halafu akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Siku aliyostaafu alikabidhi vifaa vyake vyote, vikahesabiwa kimoja kimoja mezani mpaka mkanda, akatia saini. Alirudi nyumbani kwa daladala akiwa na shati la kiraia na alijiona yuko uchi. "Gwanda halikuwa langu hata nilipolivaa," akasema. "Nililiazima kwa niaba ya waliolala Kagera."

Mpaka hapo sikuwa nimeitupa kilti. Nilikuwa nimefikiria kuipakia kwenye sanduku la Desemba, nimpe binamu yangu anayependa vitu vya namna hiyo. Pia nilikuwa nimeshamnunulia mpwa wangu wa miaka sita kaptula ya mabaka na kofia yake, pauni 14. Dada ndiye aliyenizuia. Alinikumbusha kwamba Agosti ya mwaka ule ule JWTZ ilikuwa imetangaza siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Nilikuwa nimelisikia tangazo hilo nikiwa huku, nikalipita kama habari ya watu wengine.

Kwa hiyo wewe unayefunga sanduku la kwenda nyumbani, toa kila chenye mabaka ya kijeshi: begi, kofia, kaptula ya mtoto, hata koti la mvua. Uganda nako wako wakali. Ukienda mbali zaidi ni vivyo hivyo, Zambia, Zimbabwe, Jamaica, Barbados, raia haruhusiwi. Usiseme uwanja wa ndege kwamba ulikonunua ni halali. Na kile kisu kidogo ambacho Waskoti huchomeka kwenye soksi, kama umekodi au umenunua seti nzima, kisiingie kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege.

Sitaki mtu aniambie nasema kilti ya mabaka ni haramu. Nimekutana na wastaafu huku wanaoivaa, mtu aliyelala porini na rangi zile miaka 15 na babu yake alikuwa Mskoti, kwake ni mambo yake mawili kwenye vazi moja. Ana haki nayo kuliko mimi nilivyo na haki na tartani. Mpanda mlima naye sioni kosa lake. Lakini kama wewe ni raia kama mimi na unaipenda, isivaliwe na beji, wala bereti, wala mkanda wa jeshi, na Novemba iache kabatini. Akikusogelea mtu mwenye macho ya kutafuta mwenzake, neno la kwanza litoke mdomoni mwako liwe kwamba hukutumikia. Sema kabla hajakushika mkono. Baada ya hapo inakuwa ngumu sana, nimeiona.

Kilti ile niliipeleka kwa yule fundi. Alikata mifuko na vifungo akavitunza, kitambaa kikawa matambara ya karakana. Hakuniomba pesa. Niliporudi kutoka Tanzania nilipata kilti ya Black Watch iliyotumika kwenye duka la hisani, sufu nzito, pauni 85, na pauni 20 za kuipanua kiunoni. Jumlisha zile 42 na 14, nimetumia pauni 161 kukwepa kulipa 90.

Tarehe 10 Novemba 2024 nilirudi George Square. Nilivaa suruali nyeusi na koti la kawaida, ua jekundu kifuani. Nilifika mapema nikasimama karibu na pale pale. Nilimwona baada ya dakika mbili za kimya, bereti ile ile, sasa anatembelea fimbo. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia sikuwahi kuwa askari, kwamba askari ni baba yangu, na kwamba mwaka jana nilikaa kimya na nimekuja kumwomba radhi.

Aliniangalia muda mrefu. Akauliza kama baba yupo hai. Nikasema yupo. Akauliza alipigana wapi, nikamtajia Kagera, nikamwonyesha kwa kidole hewani ziwa liko wapi na mpaka uko wapi. Akatikisa kichwa, akasema, "Mfikishie salamu zangu," akaenda zake kuwafuata wenzake.

Jioni nikampigia baba. Nikamfikishia. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza yule mzee alistaafu na cheo gani. Nikasema sikumuuliza. "Mwakani umuulize," akasema, "nijue namjibu vipi."